Aoife Aliwaachia Sauti

Mwaka huu nimejifunza kusimulia hadithi ya Watoto wa Lir bila karatasi. Nasoma shahada ya uzamili Galway, magharibi ya Ayalandi, na katika kozi yetu hadithi ya kale haihesabiwi kuwa umeisoma mpaka uitoe kwa mdomo.

Aoife, mama wa kambo, anawaonea wivu watoto wanne wa mumewe: Fionnuala, Aodh, Fiachra na Conn. Wakiwa wanaoga katika ziwa Derravaragh, anawageuza kuwa batamaji weupe. Watakaa hapo miaka 300, kisha 300 katika mlango wa bahari wa Moyle, kati ya Ayalandi na Uskoti, kisha 300 kwenye kisiwa cha Inishglora.

Katika kitabu, hiyo ni hesabu tu. Ukisimulia, ni kazi. Ukiharakisha, wasikilizaji hawaisikii baridi. Ukivuta mno, wanashika simu zao. Kwa hiyo sikariri maneno. Nakariri mahali: ziwa, mlango wa bahari, kisiwa. Nikifika, maneno huja. Pale Moyle, kwenye dhoruba na barafu, Fionnuala anawafunika ndugu zake kwa mbawa. Hapo nashusha sauti.

Kusikiliza nilifundishwa na bibi yangu, Tanga. Mwaka jana alipata kiharusi. Anasikia, anaelewa, ila maneno hayatoki. Nikipiga simu, shangazi humwekea sikioni. Yalikuwa yamebaki maswali yangu na pumzi zake, basi nikaanza kumsimulia.

Jioni moja nikafika pale Aoife anapowaonea huruma kidogo. Umbo la binadamu amewanyang'anya, lakini usemi na uimbaji anawaachia, na watu wanakuja ziwani kuwasikiliza. Nikanyamaza. Kwa bibi imekuwa kinyume: umbo ni lake lilelile, usemi ndio uliochukuliwa. Nikataka kuparuka.

Shangazi akachukua simu. "Mwanangu, mbona kimya? Bibi yako ananikunjia uso. Endelea."

Nikaendelea, na sijaparuka tena.

Siku hizi naanza kwa kusema, "Paukwa!" Nasubiri kwa muda ambao "Pakawa!" yake ingechukua. Kisha nampeleka ziwani.