Doti 63 za khanga na kidirisha kilicholia "ting"

Najua nimepotea wiki mbili na kuna waliodhani nimekimbia testi ya takwimu. Nipo jamani. Nilikuwa Kariakoo, kwenye duka moja la khanga na vitenge, mtaa mmoja unaokatiza Uhuru, natafuta doti 63 ambazo kompyuta ilisema zipo na rafu zikasema hazipo.

Naandika kwa sababu wengi wetu hapa chuo tunaokota vijisenti kwa kuwaandikia watu skripti za kubonyeza vitufe. Si vibaya, hela ya kula lazima itoke mahali. Ila safari hii kuna kijana wa watu alikuwa karibu kabisa kupelekwa polisi kwa ajili ya skripti yenye mistari isiyozidi arobaini.

Hali ilikuwa hivi. Duka lina programu ya stoo ya zamani, yale madirisha ya kijivu mnayajua. Haipokei faili la Excel wala nini. Ukitaka kuingiza mauzo unaandika mstari mmoja mmoja kwa mkono wako. Dada wa kaunta anaandika mauzo ya siku kwenye Excel, halafu jioni alikuwa anakaa saa nzima na zaidi kuyahamishia kwenye ile programu. Mwaka jana fundi mmoja akawatengenezea skripti ya AutoHotkey. Kwa msioijua, hiyo ni programu ya bure ya Windows, ipo tangu 2003, unaiandikia maagizo nayo inabonyeza kibodi badala yako. Inachukua mstari wa Excel, inaandika namba ya bidhaa, Tab, idadi, Tab, bei, halafu F10 kuhifadhi. Mstari unaofuata. Saa nzima ikawa dakika kumi. Mzee mwenye duka akafurahi, fundi akalipwa chake, akaondoka zake mkoani na simu hapokei.

Basi bwana, mwisho wa mwezi wakahesabu mali. Doti 63 hazipo, yaani korija tatu na ushee, zaidi ya laki sita. Na kibaya zaidi, zilizopungua zote ni zile za moto, michoro mipya ambayo wateja wa mikoani wanaigombania. Zile khanga zilizokaa mwaka mzima hazijaguswa hata moja. Mzee akasema huyu mwizi ana jicho la biashara. Na mwenye ufunguo wa stoo ni mmoja tu, kijana aliyefanya kazi pale miaka miwili. Akaambiwa mpaka Ijumaa doti zionekane, la sivyo wanamalizana polisi.

Dada wa kaunta nilisoma naye A-level. Akanipigia Jumatatu usiku: "Njoo uiangalie hii kompyuta kabla ya Ijumaa. Huyu kijana namjua, siyo yeye." Jumanne nikashuka kwenye mwendokasi pale kituo cha Msimbazi Polisi, jina ambalo siku hiyo halikunifurahisha hata kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiyo injinia? Kompyuta haina shida, shida ni mtu." Akarudi kwenye kahawa yake.

Sikubishana. Nikamuuliza dada kitu kimoja tu: hela ya kila siku inalingana na Excel? Inalingana, kila siku, mpaka mia. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi harufu. Mtu akiiba khanga stoo, hela haiguswi, sawa. Lakini mauzo yakisahaulika kuingizwa kwenye programu, hela pia haiguswi, na mali inaonekana imepungua vilevile! Ukitazama kwenye rafu huwezi kutofautisha hayo mawili. Lazima ulinganishe karatasi kwa karatasi.

Nikatoa ripoti ya mwezi ya programu, nikaiweka pembeni ya Excel. Excel ilikuwa na mistari 1,912 ya mauzo. Programu ilikuwa na 1,894. Mistari 18 haikufika. Nikajumlisha idadi zilizokuwa kwenye ile mistari 18 nikapata doti 58.

Sasa swali likawa, mbona skripti haikusema? Maana ina faili lake la kumbukumbu, na kila usiku imeandika vilevile: imekamilika, makosa 0. Mwezi mzima makosa 0. Na fundi hakuwa mzembe kama mnavyodhani. Nilipoifungua nikakuta baada ya kila F10 ameweka WinWait, yaani subiri sekunde moja uone kama kutatokea kidirisha chenye kichwa "Error". Kikitokea, kiandike. Ukisoma haraka unasema mbona iko poa.

Nikanakili hifadhidata pembeni kwanza (jamani, msijaribu vitu kwenye data ya mtu, hata kama anawaambia hakuna noma), nikamwambia dada: andika unauza doti 999 za khanga moja. Akabonyeza F10. Kidirisha kikatokea, ting! Kinasema idadi imezidi iliyopo stoo. Tukatazama kichwa chake. Hakikuandikwa "Error". Kiliandikwa jina la ile programu yenyewe, na neno la kosa liko ndani, kwenye maandishi. Kidirisha chenye kichwa "Error" kipo pia, lakini kinatokea pale mawasiliano na hifadhidata yakikatika. Nadhani hilo ndilo kosa fundi alilokutana nalo siku alipokuwa anaandika, akadhani makosa yote yana sura hiyo. Skripti ilikuwa imekaa getini inamsubiri mtu mwenye kofia, mwizi akapita kichwa wazi.

Halafu kukawa na ishu ya muda. Hifadhidata yenyewe iko kwenye kompyuta nyingine ghorofani, stoo, zinaongea kwa waya-fai. Mchana kidirisha kinatokea ndani ya nusu sekunde. Jioni, skripti inapofanya kazi, nimepima kwa simu nikapata mpaka sekunde nne. Kwa hiyo hata kama kichwa kingekuwa sawa, skripti inasubiri sekunde moja, inaona kimya, inaandika salama, inaendelea. Ukimya wa sekunde moja ikauhesabu kuwa ndiyo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kitufe cha Esc. Mwanzo wa kila mstari fundi aliweka Esc mara mbili, ili kama kuna kitu kimebaki kwenye fomu kisafishwe kabla ya kuanza upya. Tahadhari nzuri kabisa. Sasa Windows ina tabia yake: kidirisha chenye kitufe kimoja tu cha OK, ukibonyeza Esc kinafunga. Unaona mchezo? Kosa linatokea, kidirisha kinasimama kusema "huu mstari nimeukataa", skripti haikijui, inaingia mstari unaofuata, Esc, kidirisha kimekufa. Esc ya pili, fomu nyeupe. Ushahidi wote umefutwa kabla jicho la mtu halijafika. Na siku mtandao ukiwa mzito kidirisha kinatokea katikati ya mstari wa pili, herufi zinaandikwa hewani, na huo nao unapotea. Ndiyo maana kulikuwa na mistari miwili miwili iliyofuatana kwenye ile 18.

Kwa nini programu ikatae mauzo halali? Hapa lazima uijue Kariakoo. Mzigo unashuka asubuhi, mteja wa Mbeya au Lubumbashi tayari amesimama mlangoni, marobota yanafunguliwa pale pale na kuuzwa kabla hayajaingizwa kwenye kompyuta. Karatasi za mzigo mzee anaziingiza mwenyewe kesho yake akipata nafasi. Jioni skripti inakuja kuuza doti ambazo programu inaamini hazijafika. Inakataa. Kesho yake mzee anaingiza mzigo wote, na yale mauzo hayarudi tena. Ndiyo yule mwizi mwenye jicho la biashara! Alikuwa anachagua khanga mpya zinazotoka haraka kwa sababu ndizo pekee zinazouzwa kabla ya kuandikwa.

Kuna kitu dada alisema wakati nabonyeza ile 999. "Hiyo ting mbona naisikia kila siku jioni." Tangu lini? Tangu mwaka jana. Alishamwambia fundi, akajibiwa ndiyo tabia ya Windows, apunguze sauti. Akapunguza. Mimi ningekuwa mwalimu ningeanza kozi nzima na hiyo ting.

Nilipokuwa natembea kurudi hostel nikawa nawaza ile kesi ya posta ya Uingereza, wengine tuliigusa kwenye somo la maadili ya kompyuta. Kuanzia 1999 shirika lao la posta lilifunga mfumo unaoitwa Horizon, kazi ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa hela ambao haukuwepo. Waliokuwa wanaendesha vituo vidogo vya posta wakaambiwa walipe, wakashtakiwa kwa wizi na kudanganya hesabu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Alan Bates na wenzake, walalamikaji 555, walikwenda mahakamani, na Desemba 2019 Mahakama Kuu kule London ikasema mfumo ulikuwa na dosari zilizoweza kuleta upungufu huo. Sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo ilipita Mei 2024. Miaka ishirini na ushee. Yetu ni doti 63 na duka moja, lakini sentensi ni ile ile: kompyuta haina shida, shida ni mtu.

Haya, matengenezo, kwa wale wanaotaka. Jumatano nikatoa zile Esc zote. Nikatumia Window Spy, ile inayokuja na AutoHotkey yenyewe, kuona kidirisha ni cha aina gani. Kilikuwa #32770, ambayo ndiyo aina ya vidirisha vya kawaida vya Windows. Kwa hiyo badala ya kusubiri kichwa fulani, sasa kuna SetTimer inayochungulia mara tano kwa sekunde kama kuna #32770 yoyote ya ile programu, iwe na kichwa gani. Ikiiona, inasoma maandishi yake kwa WinGetText, inayaandika kwenye faili pamoja na namba ya mstari, halafu inasimama. Haibonyezi chochote. Inaita mtu.

Hiyo peke yake sikuiamini. Kesho kunaweza kuja kidirisha cha aina nyingine kabisa, nisichokijua. Ile programu kila ikihifadhi mauzo inapandisha namba ya hati pale juu kulia. Basi baada ya F10 skripti inasoma ile namba na kusubiri mpaka sekunde kumi ipande kwa moja. Isipopanda, mstari huo haujaingia, kidirisha kiwepo kisiwepo, na kazi inasimama hapo hapo. Mwisho wa siku inalinganisha mistari ya Excel na ya ripoti. Zile dakika kumi zimekuwa karibu ishirini. Mzee aliguna.

Na kubwa kuliko yote halikuhitaji hata mstari mmoja wa skripti: karatasi za mzigo ziingizwe kabla ya mauzo ya jioni. Sasa anaziingiza dada saa kumi, mzee anasaini tu.

Alhamisi tukamkalisha mzee. Sikumwonyesha skripti, nilimwonyesha karatasi mbili, ya Excel na ya programu, mistari 18 nimeipaka rangi ya njano. Akavaa miwani. Akazipitia moja moja na kidole, akiita majina ya wateja, "huyu kweli alichukua, huyu wa Mbeya kweli alichukua." Ilimchukua kama nusu saa. Halafu akauliza: "Hizi ni 58. Tano ziko wapi?"

Sijui. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba tano sijaziona kokote, wala kwenye mauzo wala kwenye makosa ya kompyuta. Kijana wa stoo alikuwa amesimama mlangoni, hajasema neno tangu tuanze. Mzee akavua miwani akasema tano ni panya, Kariakoo kila duka lina panya wake. Akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akamtupia kijana, akamtuma chai.

Msamaha hakuomba, nasema ukweli. Dada anasema kwa mzee yule kutupiwa ufunguo ndiyo msamaha wenyewe. Kijana yeye aliniambia kwa sauti ya chini tukiwa ngazini kwamba bado anatafuta kazi sehemu nyingine, na sikuwa na la kumjibu.

Skripti imesimama yenyewe mara nne tangu wakati ule. Mara tatu ni mzigo ambao haujaingizwa, mara moja ni mtandao. Sauti ya kompyuta tumeirudisha juu. Anayetaka kuiona skripti yenyewe anitafute kantini baada ya testi ya Jumatatu, kabla ya hapo simjui mtu.