Jezi ya Njano ya Shakes

Mjomba alikuwa akipeleka tangawizi ya Mamba Miamba hadi Taveta, na kila akirudi Same alishuka na gazeti la Kenya kwapani. Siku za bahati, ndani yake mlikuwa na kijarida cha Supa Strikas.

Hadithi hiyo ya picha ilizaliwa Afrika Kusini mwaka 2000: Shakes mshambuliaji, Dancing Rasta nahodha, Big Bo golini, na El Matador aliyejipenda kuliko mpira wenyewe. Ilitolewa bure ndani ya magazeti ya nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa makampuni yalilipia nembo zao zichorwe vifuani mwa wachezaji na kwenye mabango ya uwanja. Hayo nimeyajua ukubwani. Utotoni niliona jezi tu.

Na jezi ilikuwa ya njano. Pale kwetu njano ni Yanga, hakuna mjadala. Kaka yangu, Simba wa damu, alichukua kalamu nyekundu akampaka Shakes kifua kizima, ukurasa baada ya ukurasa. Siku mbili sikumsemesha.

Toleo ninalolikumbuka kuliko yote lilitufikia pungufu. Kurasa za mwisho zilikwishafungiwa maandazi stendi. Shakes yuko hewani, mpira unakaribia paji la uso wake, basi. Tukamalizia wenyewe kwenye daftari la hesabu. Mimi nilichora goli. Kaka alichora kipa wa wapinzani, Invincible United, ameudaka, na nyuma yake, badala ya majukwaa, akaweka milima yetu na uwanja wa shule ulioinama, ule ambao shuti likipaa mnaufuata mpira bondeni nusu saa. Mpaka leo naamini hakuna mchoraji aliyewahi kumpa Shakes uwanja mgumu kama ule.

Baadaye Supa Strikas ikawa katuni ya televisheni, ikitengenezwa Malaysia. Vijarida vikaacha kutufikia. Likizo iliyopita nilimkuta mpwa wangu akiitazama kwenye simu, vipindi vitatu mfululizo, kila mechi na mwisho wake. Nikamuuliza kama amewahi kumchora Shakes. Akanishangaa: amchore wa nini, na huyu hapa anakimbia?

Nikashusha lile daftari kutoka juu ya kabati la mama. Akazitazama picha zote mbili kwa muda mrefu, kisha akauliza ipi ndiyo ya kweli.

Kaka alikuwa uani. Akajibu kabla sijafungua mdomo: "Yangu."