Mwongozo wa Fasihi kwa Kijana Asomaye Nyumbani



Wapendwa Taifa la Mungu, miaka miwili iliyopita nilipigiwa simu usiku na mama mmoja aliyepata kuimba katika kwaya yetu, ambaye sasa anaishi na familia yake Texas, Marekani. Baada ya kunipa "Shikamoo Padre" (ingawa kwa umri mimi ndiye ningepaswa kumwamkia), aliniarifu kwamba yeye na mumewe wameamua kuwasomesha watoto wao nyumbani. Huko jambo hilo ni halali. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas ilithibitisha kwamba shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule binafsi, mradi wazazi wafundishe kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Kijana wake wa kwanza alikuwa amefikia umri wa sekondari, naye alitafuta mtaala wa Kikristo wa uhakiki wa fasihi. "Nichagulie, Padre. Hesabu baba yao anaziweza. Fasihi inanitisha."

Nakiri mbele yenu kwamba nilijibu haraka mno. Kati ya miongozo aliyonitajia nilimshauri achukue ule ambao kila sura yake huishia kwa aya za Biblia na swali la maadili. Niliona fasihi kama kichaka chenye nyoka, na kazi ya mzazi kuwa ni kumpitisha mtoto kando yake. Huenda ndivyo nilivyolelewa. Tulipokuwa wanafunzi tulikariri dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kutoka ubaoni. Mimi binafsi nilifaulu mtihani kwa dhamira za riwaya ambayo sikuwahi kuifikisha mwisho.

Baada ya miezi kadhaa mama yule alinitumia majibu ya kijana. Mhusika amefiwa: atumaini Mungu. Mhusika amemsaliti ndugu yake: atumaini Mungu. Mhusika ana njaa: vivyo hivyo. "Nimempa alama zote," akaniandikia, "lakini moyo wangu hautulii. Anajua ninachotaka kusikia."

Sentensi hiyo ilinikosesha usingizi. Mtoto anayejifunza kutupa jibu la dini ili tumwache apumzike, siku moja atatupa jibu hilo hilo kwenye kitubio.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kusoma. Zipo shule za Kikatoliki zinazopeleka masomo majumbani, kama vile Seton ya Virginia na Kolbe ya California, lakini familia hii haikutaka kuhamisha masomo yote. Ilihitaji fasihi tu. Nikapitia Windows to the World ya Lesha Myers, inayomzoeza kijana kusoma hadithi fupi akiwa na kalamu mkononi, kisha kuandika insha yenye hoja na ushahidi. Iliyonivutia zaidi ni Teaching the Classics ya Adam na Missy Andrews. Hiyo humfundisha mzazi kwanza. Huanzia kwenye hadithi ya watoto wadogo ya sungura Peter Rabbit, na kuuliza: huyu anataka nini? Nani anamzuia? Mgogoro unafika kileleni wapi? Maswali hayo hayo ndiyo hupelekwa kwenye riwaya kubwa. Nilimwambia mama aanze na sungura, akacheka sana. Mwanawe ana miaka kumi na sita!

Kilichonipa ujasiri wa kubatilisha ushauri wangu ni barua ya Papa Fransisko ya tarehe 17 Julai 2024, kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Humo marehemu Baba Mtakatifu anasimulia jinsi alivyofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Mtaala ulidai El Cid. Wanafunzi walimtaka García Lorca. Akaamua El Cid wakaisome nyumbani, na darasani wazungumzie waandishi waliowapenda. Naye Mtakatifu Basili, katika karne ya 4, aliwafundisha vijana wasome hata maandiko ya wapagani kama nyuki, ambao hawatui kwenye kila ua wala hawabebi ua zima.

Baada ya sungura walichagua Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958. Mama alifurahi kwamba humo kuna wamisionari. Mimi niliogopa kidogo, kwa sababu wamo wa aina mbili: Bwana Brown mwenye kusikiliza na Mchungaji Smith asiyesikiliza.

Juma lililopita kijana alinipigia mwenyewe. Amefika pale Okonkwo anapomkaba shingo mwanawe Nwoye kwa kuonekana miongoni mwa Wakristo, na Nwoye anaondoka asirudi kwa baba yake. "Padre, yule mwalimu wa misheni alifurahi sana Nwoye alipomwacha baba yake. Wewe ungefurahi?"

Nilikaa kimya muda mrefu hadi akadhani mtandao umekatika. Nikamwomba anipe wiki moja. Nimeisoma sura hiyo mara mbili sasa, na jibu bado halijaniridhisha. Tutazungumza Jumamosi hii saa mbili usiku, ambayo kwao ni saa sita mchana, na mama yake ameomba kusikiliza.