Beki wa kwanza alikuwa wa hapa kwetu

Tarehe 19 mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, kule Rabat, Achraf Hakimi wa Moroko alipewa zawadi ya mchezaji bora wa Afrika. Kesho yake asubuhi, katika habari za michezo, nilisema kwa redio kwamba ni mara ya kwanza beki kuipata zawadi hiyo. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Kumbe nilikuwa nimesikia tu kwa mwingine, sikutafuta.

Sikumaliza hata nusu saa nje ya studio, simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja wa Kamalondo, msikilizaji wetu wa miaka mingi. Salamu ilikuwa fupi.

"Mtoto wangu, Bwanga unamuweka wapi?"

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia kwamba CAF ilianza kutoa zawadi yake mwaka 1992, na kwamba zamani ilikuwa gazeti la Ufaransa, France Football, ndilo lilichagua mchezaji bora wa Afrika. Mzee alinyamaza, akaniacha niseme yote. Halafu akasema: "Sawa. Lakini wakati ule hakukuwa zawadi ingine. Na aliyeshinda alikuwa beki, tena wa hapa."

Alikuwa na haki. Mwaka 1973 mchezaji bora wa Afrika alikuwa Bwanga Tshimen, beki wa kati wa TP Mazembe, mzaliwa wa mji huu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Tangu siku hiyo, ilichukua miaka 52 mpaka beki mwingine akapewa heshima hiyo, naye ndiye Hakimi. Katikati walipita washambuliaji, viungo, hata magolikipa: N'Kono wa Cameroon mara mbili, Zaki wa Moroko mara moja. Hakuna beki hata mmoja.

Siyo Afrika peke yake. Mpira wa Dhahabu wa Ulaya umeenda kwa mabeki wachache sana: Beckenbauer mwaka 1972 na 1976, Sammer mwaka 1996, Cannavaro mwaka 2006. Mwaka 2019 Virgil van Dijk wa Liverpool alikaribia, akawa wa pili nyuma ya Messi. Hesabu inaishia karibu hapo. Kwa hiyo mwaka 1973 Lubumbashi ilikuwa na kitu ambacho miji mikubwa ya dunia haikuwa nacho, na mimi, mwandishi wa michezo wa Lubumbashi, nilikisahau mbele ya mikrofoni.

Nimejiuliza kwa nini nilisahau. Jibu moja liko katika kazi yenyewe ya redio. Goli liko na sauti. Uwanja unalipuka, mtangazaji anapaza sauti, jina linarudiwa mara kumi. Lakini beki anayesimama mahali panapofaa, mpaka mshambuliaji anaamua kurudisha mpira nyuma, huyo hana sauti. Hakuna kilichotokea, na mimi nitasema nini? Jina lake nitalitaja siku atakayokosea. Nimetangaza mechi nyingi za Mazembe na za Lupopo kwa namna hiyo, na sidhani ni mimi peke yangu.

Chukueni mwaka 2010. Nilikuwa kijana, tulibanana katika nganda moja ya Katuba kutazama Mazembe kule Abu Dhabi katika Kombe la Dunia la vilabu. Tulipiga Pachuca ya Mexico 1-0, halafu Internacional ya Brazil 2-0, tukawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali. Ulizeni mtu yeyote wa hapa anakumbuka nini. Atakwambia Kidiaba akirukaruka kwa matako, goli la Kabangu, goli la Kaluyituka. Yote kweli. Lakini katika mechi zile mbili hatukufungwa hata goli moja. Kina Kimwaki, Kasusula na Nkulukuta walikuwa wamekaa nyuma na Wabrazili hawakupita. Inter Milan walikuja kutupiga 3-0 katika fainali, ndiyo, lakini bila zile sifuri mbili tusingewaona Inter hata kwa mbali.

Beki wa pili wa hapa kwetu dunia inamjua, na ingekuwa heri isingemjua hivyo. Ni Mwepu Ilunga, naye wa Mazembe. Tarehe 22 mwezi wa sita 1974, kule Ujerumani, Zaïre ikicheza na Brazil katika Kombe la Dunia, Wabrazili walipata friikiki. Kabla hawajapiga, Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali. Mwamuzi akampa kadi ya njano. Miaka mingi watu wa Ulaya wamecheka picha ile, wakisema Mwafrika hajui sheria.

Mtu huyo alikuwa bingwa wa Afrika. Mwezi wa tatu wa mwaka uleule alikuwa ameshinda Kombe la Afrika kule Misri. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Tulikuwa tumekwisha kufungwa 2-0 na Scotland na 9-0 na Yugoslavia, na wachezaji hawakuwa wamelipwa pesa walizoahidiwa. Alisema watu wa Mobutu waliwatisha kwamba wakifungwa manne na Brazil, hakuna atakayerudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Mwepu alifariki mwaka 2015, na ile video bado inazunguka kwenye simu za watu kama kichekesho. Kila nikiiona sasa, namuona mtu aliyekuwa na hofu, anayetaka dakika ziishe.

Katika timu ile ya 1974, Bwanga alikuwa namba 4, na Mwepu namba 2. Mmoja tumemsahau, mwingine tumemcheka.

Ndiyo maana siku hizi ninamtazama Chancel Mbemba kwa jicho lingine. Msimu wa 2024-2025 klabu yake ya Marseille haikumchezesha. Wengi walisema amekwisha. Mwaka 2025 akaenda Lille, na tarehe 13 mwezi wa kumi na moja, huko Rabat, akafunga goli la dakika za nyongeza tukaipiga Cameroon 1-0. Siku tatu baadaye, na Nigeria, tulikuwa 1-1 mpaka penalti, na ya mwisho aliipiga yeye. Hiyo ilitupa safari ya Mexico mwezi wa tatu 2026 kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, ambalo hatukuwa tumelicheza tangu lile la Mwepu na Bwanga. Safari hii beki amesikika kwa redio, kwa sababu alifunga. Hilo nalo linanipa mawazo.

Waliokimbia vita wanaotusikiliza wanamkumbuka Mbemba kwa siku ingine. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, yeye na wenzake walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukifunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa kama bunduki. Walitaka dunia ione kwamba watu wanauawa Mashariki na wote wananyamaza. Mwaka mmoja baadaye, Goma ikaanguka.

Mama mmoja aliyetoka Goma anakaa Ruashi kwa ndugu ya bwana yake, pamoja na watoto wake. Nilimtembelea juma hili kwa ajili ya kipindi kingine. Kijana wake wa miaka kumi na miwili alikuwa amekasirika. Kwenye kiwanja cha mtaani wanamuweka nyuma kila siku, kwa sababu nafasi za mbele ziko na wenyewe, watoto wa hapa. Mgeni anakuwa beki ao golikipa.

Nikamwambia kwamba Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akaondoka mtoto akakulia Uingereza, na leo ni beki wa Leopards. Nikamwambia pia habari ya Bwanga.

"Alikuwa anafunga magoli?" akauliza.

"Kazi yake ilikuwa wengine wasifunge."

Hakuridhika. Alifikiri kidogo, akauliza: "Njo kama Mbemba?"

Nikamwambia ndiyo, kama Mbemba, lakini miaka hamsini mbele yake. Mama yake akacheka. Kijana akachukua mpira wake wa matambara akatoka.

Siku iliyofuata, saa ileile ya habari za michezo, nilisahihisha kosa langu. Nilitaja jina lote, Bwanga Tshimen, na mwaka, na klabu. Mzee wa Kamalondo hakupiga simu. Kama uko na picha yake ya wakati ule nyumbani, ama baba yako alimuona akicheza, uilete redioni. Tutaisoma hewani.