Kaka Yako Hajifanyi

Sekei, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Baridi ya Julai imekaza na Mlima Meru umefunikwa na mawingu kutwa nzima. Baba yako hajambo, na mama yako anasema hela ya hosteli ataituma Ijumaa.

Nakuandikia kwa ajili ya maneno uliyomwambia baba yako kwenye simu: kwamba kaka yako haumwi, ni akili tu inamtuma kutaka vidonge, na akijikaza yataisha. Nimefanya kazi ya unesi mpaka nikastaafu, na maneno hayo nimeyasikia wodini mara nyingi, hata kwa wahudumu wenzangu. Si kweli, nami nataka ulielewe jambo hili kabla hujaongea naye tena.

Unajua lilivyoanza. Alivunjika mguu kwenye bodaboda, daktari akamwandikia tramadoli, na maumivu yalikuwa ya kweli. Mfupa ukaunga, lakini yeye akaendelea kujinunulia dukani bila cheti, dozi ikipanda mwezi hadi mwezi. Kisha akaamua kuacha vidonge vyote kwa mkupuo.

Siku ya pili nilimkuta kajifunika mablanketi mawili na shuka limelowa jasho. Mama yako alidhani ni malaria, kipimo kikakataa. Alikuwa anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtiririka, tumbo linamsokota na kumharisha, vinyweleo vya mikono vimesimama. Nikamgeuza uso aelekee dirishani, mchana kweupe, nikamtazama macho: mboni zimetanuka kama za mtu aliye gizani. Mtu anaweza kusingizia tumbo. Mboni za macho hakuna anayeziamuru.

Hiyo ndiyo arosto, ile ile wanayoipata vijana wa unga. Tramadoli, mofini na heroini ni ukoo mmoja, ule wa afyuni. Kwenye shina la ubongo kuna chembe zinazomwaga noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili, na dawa hizi huzinyamazisha. Zikinyamazishwa kila siku kwa miezi, nazo huongeza nguvu ili kazi yao iendelee. Ukiiondoa dawa ghafla, nguvu yote ile hufumuka bila kizuizi, ndipo moyo unakwenda mbio, jasho linatoka na usingizi unapaa. Tramadoli ina la ziada, kwa kuwa inagusa pia serotonini kama zifanyavyo dawa nyingi za sonona. Ndiyo maana wapo ambao wakiiacha hupatwa na hofu kali, ganzi, hata kuona visivyokuwepo. Kwa hiyo ile hofu inayomwamsha kaka yako usiku wa manane usiihesabu kuwa ni woga.

Kama bado una shaka, fikiria vichanga. Mama akitumia heroini wakati wa ujauzito, mtoto wake anaweza kuanza kutetemeka ndani ya siku chache baada ya kuzaliwa, akalia kwa sauti kali isiyotulizika na kushindwa kunyonya. Mtoto yule hajui heroini ni nini. Unamwambiaje ajikaze?

Akili nayo ina sehemu yake, sikufichi. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja Mmarekani, Abraham Wikler, alikuwa akiwahudumia wagonjwa wa namna hii huko Lexington, Kentucky. Watu waliokwisha kuacha zamani, wakikaa pamoja kuzungumzia dawa, walianza upya kupiga miayo na kutokwa machozi na makamasi. Kumbukumbu ilitangulia, mwili ukafuata, na makamasi yalikuwa makamasi kweli. Ndiyo sababu nimemkataza kaka yako kupita mbele ya lile duka. Akienda mjini azungukie njia nyingine, hata kama ni ndefu.

Linaloniudhi ni kwamba swali hili la mwili au akili mara nyingi huulizwa ili mgonjwa anyimwe msaada. Na linaweza kuua. Arosto ya dawa za ukoo wa afyuni hutesa sana lakini kwa nadra huua mtu mzima mwenye afya. Dawa za kutuliza kama diazepamu na fenobabitoni ni jambo jingine. Aliyezizoea akizikatisha ghafla anaweza kupata degedege isiyokatika, akafa. Wapo wenye kifafa walioacha fenobabitoni kwa kuambiwa wamekwisha kupona, wakaishia kubebwa hawajitambui.

Serikali yetu ililielewa hili zamani. Tangu Februari 2011 Muhimbili inawapa watumiaji wa heroini methadoni, dawa ya badala, kwa sababu mwili uliozoea hauachishwi kwa hotuba.

Kaka yako tumempeleka Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru. Daktari amemrudishia dozi ndogo, itapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na vidonge navitunza mimi. Jana amekula ndizi na mtori kidogo vikakaa tumboni.

Mpigie leo jioni, ndio wakati anaopata nafuu. Usimuulize kama amejikaza. Muulize amelala saa ngapi na amekula nini, kisha mwambie utakuja likizo ikianza.

Shangazi yako akupendaye