Shaka Niliyoileta Nyumbani

Imani yangu ilitikiswa kwa Kiingereza. Siilaumu lugha hiyo, maana ndiyo inayonilisha: nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Kigoma. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mungu nilimjua kwa Kiswahili, katika Biblia ile ya Union ya mwaka 1952 ambayo marehemu baba aliijalidi kwa gazeti, na nilimjua kwa Kiha, katika maombi ya mama ya alfajiri. Maswali mazito juu yake nilikutana nayo chuo kikuu Dar es Salaam, na yote yalikuja kwa Kiingereza. Nikayaona makubwa kuliko imani yangu kabla hata sijayachambua.

Aliyepita shule zetu anaijua hali hii. Miaka yote ya msingi mtoto anauliza, anabisha, anasimulia. Akiingia kidato cha kwanza ananyamaza. Anayekosea Kiingereza anachekwa, asiyekosea anaambiwa ana akili. Bila mtu yeyote kulitamka, anajifunza kwamba mambo ya akili yana lugha yake na mambo ya nyumbani yana lugha yake. Hata makanisani tumelipokea hilo. Mhubiri wa kigeni mwenye mkalimani hujaza uwanja, hata kama anayoyasema mwinjilisti wetu wa Mwandiga aliyasema Jumapili iliyopita bila kipaza sauti.

Chuoni, hosteli nilikaa na binti ambaye alikuwa ameacha kuamini, naye hakulificha. Ndiye aliyeniazima kitabu cha Richard Dawkins cha mwaka 2006, The God Delusion. Mwandishi huyo amezaliwa Nairobi, mwaka 1941, jambo lililonishangaza, kwa kuwa nilidhani kumkana Mungu ni habari ya nchi za mbali. Siyo. Kenya ilipohesabu watu mwaka 2019, zaidi ya 750,000 walisema hawana dini. Kwetu Tanzania sensa haijauliza dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo hatuna hesabu, ila wapo, na wengi wao Jumapili wanakaa kwenye benchi moja na sisi.

Watu hudhani ni baiolojia iliyonitikisa. Hapana. Nilisoma kwamba Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka na kina cha mita 1,470, na kwamba aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, walitokana na mababu wachache. Nilisoma juu ya Jane Goodall, mtafiti aliyefika Gombe hapa kwetu mwaka 1960, akamwona sokwe akichokoa mchwa kwa ujiti wa jani. Yote hayo yalinifanya nimheshimu zaidi Muumba wa mahali nilipozaliwa. Kama alipenda kuumba polepole, mimi ni nani wa kumharakisha? Nafundisha mabadiliko ya viumbe kidato cha nne, na sijawahi kuona haja ya kuomba radhi kwa yeyote.

Kilichonitikisa ni kifo.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Wavuvi wa dagaa wanalifuata giza, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti samaki. Usiku mmoja wa kiangazi, majira ya upepo wa kusi, mtumbwi wao ulipinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakupatikana.

Habari ilinikuta chuoni wakati wa mitihani. Mwenzangu yule asiyeamini alizunguka vyumbani kunichangishia nauli ya treni, akanipikia chakula cha njiani, akanisindikiza hadi stesheni. Akaniambia kwa Kiswahili, ingawa kwa kawaida tulibishana kwa Kiingereza: “Dada, siwezi kukwambia yuko mahali pema, maana ningekudanganya. Lakini nitakaa na wewe mpaka treni iondoke.” Akakaa. Kabla ya hapo na baada ya hapo nimepewa pole nyingi, na sikumbuki iliyonifaa kuliko hiyo.

Nyumbani Ujiji nilikuta matanga bila kaburi. Majirani zetu Waislamu ndio walioteka maji na kupika siku zote zile. Kila aliyeingia alisema yale tunayosema misibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nilishindwa kuitikia. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kijana alichukuliwa kwa sababu alikuwa ameanza kuikosa ibada. Mama alimtazama, akainuka, akaenda jikoni, hakurudi mpaka mzee yule alipoaga.

Nilirudi chuoni nikiwa nimegawanyika. Kwa Kiingereza nilikuwa mtu wa hoja, naweza kusema Mungu hayupo na chumba kisitetemeke. Kwa Kiswahili nilikuwa mwimbaji wa kwaya aliyejua kila itikio. Nadhani wasomi wengi wa nchi hii wanaishi hivyo hadi uzeeni: shaka yao haijawahi kusikiwa na wazazi wao, na imani yao haijawahi kuulizwa swali. Mimi ilinichosha. Nikawa silali, sisomi, sisali. Kuna kipindi nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Likizo iliyofuata nilimkuta mama akianika dagaa, nikamwambia. Nilitumia Kiswahili, maneno mepesi kabisa: “Mama, sijui kama yupo.” Nilitegemea alie, au aite wachungaji. Aliendelea kutandaza dagaa, kisha akasema: “Mwanangu, mimi nimemnunia tangu matanga.”

Sikujua kama hilo linaruhusiwa. Mama yangu, aliyelelewa na watu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukafika hadi Buha kwetu, alikuwa amemnunia Mungu na bado anaamka alfajiri. Sasa alikuwa anaamka na kukaa kimya mbele zake. “Anajua nina hasira,” alisema. “Nimwambie nini zaidi?”

Tukaanza kusoma Ayubu, mimi nasoma kwa sauti, yeye ananikatiza kwa Kiha kumtetea Ayubu dhidi ya wale rafiki zake. Tukasoma Zaburi ya 88, inayokwisha gizani bila shukrani wala sifa mwishoni, na wazee walioikusanya Zaburi wakaiacha humo ilivyo. Makanisani ushuhuda una mwisho unaojulikana: mgonjwa akapona, ada ikalipwa, aliyepotea akarudi. Wa kwetu hakurudi. Nikaona Biblia ina nafasi kwa ushuhuda wa namna hiyo pia, na hata leo naudhika kwamba hakuna aliyewahi kunionyesha.

Baada ya hapo niliyachukua maswali ya hosteli, moja baada ya jingine, nikayauliza kwa Kiswahili. Mengine yalipungua uzito. Lile la kwamba mtu hufuata dini ya pale alipozaliwa halina ugeni Ujiji. Kiswahili na msikiti vilifika hapa na misafara kabla ya wamisionari wa Kiingereza wa mwaka 1878 na Mapadri Weupe wa 1879, na tangu hapo watu wa nyumba mbili wameteka maji pamoja wakijua kabisa kwamba jirani anaomba tofauti. Swali la mateso lilizidi kuwa zito, kwa sababu kwa Kiswahili lilikuwa na jina la mdogo wangu. Ila sasa nililibeba pamoja na mama.

Wala Kiingereza si lugha ya wasioamini. C. S. Lewis, aliyefundisha fasihi ya Kiingereza Oxford, chuo hichohicho alichofundisha Dawkins, alikuwa mkana Mungu ujanani, akawa Mkristo mwaka 1931. Kitabu chake cha maombolezo ya mkewe, A Grief Observed cha mwaka 1961, nilikisoma nikidhani nitakuta majibu, nikakuta mtu amenuna kama mama yangu. Na Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Shakespeare, ndiye aliyezigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Hakuiona akili yake ikikaa katika lugha moja na roho katika nyingine.

Mama aliacha kununa polepole, siku sizijui. Mimi naenda nikirudi. Nasali, nashiriki meza ya Bwana, Jumapili nafundisha watoto nikiwaacha waulize lolote, na wanauliza.

Mwenzangu wa hosteli bado haamini. Tunapigiana simu, siku hizi tunabishana kwa Kiswahili, na hanionei huruma. Majuzi aliniuliza ningejuaje kama miaka yote hii mimi na mama tumekuwa tukisema na ukuta. Nikamjibu kwamba kwa hoja pekee nisingejua. Ila kuna usiku mmoja ambao sikuwa na neno hata moja la kumwambia Mungu, nikajua kuna anayesubiri niseme, na kujua huko hakukutoka kwangu, kwa sababu mimi nilitaka kuachwa. Akasema hilo si ushahidi. Nikamwambia naam, ni ushuhuda, naye akaniomba nimsimulie tena tangu mwanzo.