Kung'oa Nanga Kismayo

Kusini kidogo tu ya ikweta, katika pwani ya Somalia, mji wa Kismayo unaitazama Bahari ya Hindi. Kutoka hapo kuelekea mpaka wa Kenya vimefuatana visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo, vidogo, vya matumbawe. Wenyeji husimulia kwamba jina la mji ni Kisimayuu, yaani kisima cha juu. Kwao juu ni yuu, na njia ni ndia.

Huku kuondoka hakutoshelezwi na neno moja. Chombo kilichopandishwa mchangani hushuliwa. Kilichotia nanga hung'oa nanga. Kisha mabaharia huvuta henza, foromali ikapanda, na hapo ndipo husemwa kwamba chombo kimetweka. Aliyemo ndani anaabiri. Na ndugu wa neno hilo, abiria, siku hizi amepanda hata mabasi ya bara! Wanafunzi wa Kiingereza hulalamikia "set out" na "set off", kitenzi kimoja kinachobadilishwa mkia tu. Mgeni katika Kiswahili cha pwani angekuwa na haki ya kulalamika zaidi.

Wala si nahodha peke yake aamuaye. Kaskazi, inayovuma tangu Desemba hadi Machi, ndiyo ipelekayo majahazi Lamu na Mombasa. Kusi ndiyo iyarudishayo. Maji nayo yana amri yake: achelewaye hupwelewa, akangoja maji yajae. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata zama za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, chenye tanga la mkeka.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubalandi, na Kismayo ikatengwa na Lamu kwa mpaka. Vyombo viliendelea kupita. Lakini Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, na vita vikaifikia Kismayo na visiwa vyake, Wabajuni wengi walijazana vyomboni wakaelekea Kenya. Hao hawakufunga safari, maana afungaye safari hujua atarudi lini. Walikimbia.

Baadhi yao walifika Uingereza kuomba hifadhi. Huko maneno yalipata thamani mpya: mazungumzo yao yalirekodiwa, na wachunguzi wa lugha wakasikiliza kama kweli msemaji ametoka visiwani. Kipimo hicho chaweza kumtambua mvuvi mzee tangu sentensi ya kwanza. Ni kigumu zaidi kwa yule aliyebebwa mgongoni mwaka 1991, akakulia Mombasa kati ya watu wasemao juu, si yuu. Huyo hajapata kushua chombo wala kushika henza. Na akiulizwa alivyoondoka kwao, hujibu kwa neno alilojifunzia mjini: aliondoka.